Chimni ya Baba

Juzi nilipita kwenye ile nyumba ya mawe ya mzungu, huku juu ya mji wa Machakos, nikakuta kibao getini: inauzwa. Mimi sikusoma sana, lakini kazi safi naijua nikiiona. Chimni ya kutolea moshi bado imesimama wima, na ni baba yangu aliyeijenga.

Nilikuwa msichana mdogo, nimempelekea chakula cha mchana, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa. Mzungu alikuwa amemwambia, moshi ukirudi ndani, hana kazi tena. Baba akaingia kuwasha kuni. Mimi huku nje nikanusa mkaratusi, nikaona moshi mzito ukitoka juu, mahali pamoja tu. Kwetu moshi ulipenya polepole kwenye nyasi za paa lote; ukitoka hivyo, ujue nyumba inaungua. Nikapiga nduru.

“Baba, toka! Nyumba inaungua!”

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Baba akatoka mbio, macho makavu, hata chozi la moshi hana.

“Moshi unatoka juu wote?”

“Wote!”

Akaketi kwenye mchanga, akacheka mpaka akashika mbavu. “Piga nduru tena, msichana wangu. Mzungu hajasikia.”