Kodi Iliyokataliwa Msibani

Leo nimedaiwa faini ya shilingi tano kwa kuchelewesha kodi ambayo msimamizi wa nyumba yetu aliikataa mwenyewe!

Siku ya kulipa nilikuta kafunga ofisi. Nikamfuata msibani Rahaleo, nikamwita pembeni nimpe kodi yake.

"Mwalimu, huoni haya? Kodi msibani?"

Nikarudi nyumbani Chuno na aibu yangu. Nayo faini ikaanza kuhesabiwa.

Leo namwambia, "Bwana Saidi, si ulinikataza wewe?"

"Aliyekukataza ni jirani wa marehemu. Anayekudai ni msimamizi."

Wapangaji wenzangu wakacheka.

Nikamjibu, "Basi hizo shilingi tano mdai jirani wa marehemu."

Wakacheka zaidi. Akaifuta faini, huku kanuna.

Nageuka kuondoka, ananiita.

"Mwalimu, siku ile hukuwapa wafiwa ubani."

Mbele ya watu wote! Nimetoa shilingi tano.

Jamani, hapo nimeshinda?