Gitaa Lililokwenda kwa Watani

Hapa Chilangala mwanamke anaitwa kwa mtoto wake. Mama fulani, basi. Mimi Mungu hakunipa mtoto, nasema wazi, maana aibu ya jambo hilo iliniisha pamoja na meno. Mimi naitwa Mama Gitaa. Walianza kuniita hivyo kwa kunicheka, na leo nikitajwa sokoni Newala watu wanageuka kutazama kama nimekuja naye. Naandika ilivyokuwa, kwa mkono wangu mwenyewe wa darasa la nne. Ukiona mistari imepinda, na mgongo wa mwandishi umepinda vilevile.

Gitaa lenyewe lilikuwa la umeme, jekundu, la nyuzi kumi na mbili. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Hili nyuzi zake zilikwenda mbilimbili, nene na nyembamba, kama mama anayefuatana na binti yake kisimani. Ukigusa mmoja wanaitika wawili. Mwenye gitaa alikuwa mwanamuziki mkubwa wa bendi ya Dar es Salaam, ila kwao Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Enzi hizo bendi zilishuka kusini kila msimu wa korosho, watu wakiwa na nguo mpya na hamu. Mara ya kwanza kumwona ilikuwa Masasi. Nilidandia lori la korosho, nimekaa juu ya magunia, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana mpaka leo kidole kimoja kimepanda juu ya mwenzake. Sijutii. Alipopiga lile gitaa, nilisimama mbele kabisa, na sikucheza. Nilisikiliza tu. Mwanamume niliyekuja naye akakasirika akaondoka, na naye sijutii.

Mpiga tumba wa bendi ile alikuwa mtu wetu, mzaliwa wa hapa hapa Chilangala. Akaugua akafa huko mjini, wenzake wakamleta kuzikwa. Walifika wamechoka, wamejaa vumbi, na yule mwanamuziki amekumbatia gitaa lake kwenye gari la wazi muda wote, watu wanasema hakuliweka chini hata njiani. Kabla ya kwenda makaburini akasimama mbele ya watu akasema, kwa Kiswahili chake cha kwao:

"Huyu alikuwa ndugu yangu. Kuanzia leo mimi ni mtoto wa nyumba hii. Mnihesabu."

Sasa, maneno hayo ndiyo yaliyoleta yote.

Ukoo wa marehemu na ukoo wangu ni watani. Kwa wasiojua mila za kwetu: msiba ukiingia, wafiwa wanalia na watani wanachekesha. Mimi nimewahi kushuka kaburini nikalala, nikasema maiti haiingii humu, nyumba hii imeshapata mpangaji. Mtani anachukua kitu cha mfiwa, anakificha, na mfiwa anakuja kukikomboa kwa jogoo. Maneno matamu hayasaidii, lazima jogoo. Tumechukua majembe, tumechukua baiskeli. Marehemu kaka yangu aliwahi kubeba mlango mzima, wafiwa wakalala na pazia hadi jogoo alipopatikana. Hakuna anayekasirika. Aliyechukuliwa kitu anajua amehesabiwa.

Na yule bwana si alisema tumhesabu?

Tulipotoka makaburini aliegemeza gitaa ukutani akaenda kunawa ale. Nikalichukua. Nililichukua mchana kweupe, mbele ya wanawake wote waliokuwa jikoni, nikalifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, shingo yake ikichungulia juu ya bega langu. Vicheko vilivyolipuka pale vingeamsha marehemu.

"Mama Gitaa huyo!" mmoja akapiga kelele.

"Mtoto kamrithi baba yake shingo!"

"Mnyonyeshe basi, anakulilia!"

Nikaenda nalo nyumbani nikicheza, nikaweka mkeka, nikakaa kusubiri jogoo wangu.

Jogoo hakuja. Baada ya kula, yule bwana alitafuta gitaa lake kila pembe. Mzee mmoja wa wafiwa, mdomo umejaa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akamwambia, "Liko kwa watani. Nenda na jogoo." Akadhani mzee anamwambia aende asubuhi jogoo akiwika. Na Watani, akadhani ni kijiji. Haya hakuniambia mtu mwingine, aliniambia mwenyewe baada ya miaka mingi. Wingu la mvua lilikuwa limefunga, dereva anapiga honi, anaogopa ule mteremko wa kushuka kutoka Newala ukilowa. Mwanamuziki akamuuliza, "Kijiji cha Watani kiko mbali?" Dereva akajibu, "Kijiji hicho sikijui, mzee, panda twende." Akapanda. Akalia, wanasema, hadi Masasi.

Mimi niko kwenye mkeka wangu nasikia gari linaondoka, nikasema: ameenda kununua jogoo.

Nimeulizwa sana, mbona hukulirudisha? Nitajibu sawasawa. Kwanza, kitu cha utani hakirudishwi bure. Ukikirudisha bila jogoo umemwambia mwenzio, wewe si ndugu, nilikosea kukuhesabu. Hilo ni tusi, na tusi la msibani halifutiki. Pili, na hapa nisimame kidogo, nilizoea kuitwa Mama. Miaka ya kwanza wenzangu walinitania kisimani, "Mama Gitaa, mwanao ameota meno?" nami najibu, "Kumi na mawili, wa kwako ana manne tu na bado anang'ata." Ukiwa mwanamke usiye na mtoto, watu wanapokutana nawe hawajui wakuulize nini. Mimi walikuwa na la kuniuliza.

Na nililitunza. Hapo simwachii mtu sifa. Nililegeza nyuzi, kwa sababu babu yangu alipiga zeze, na alisema zeze lisilopigwa lipumzishwe, kama punda unavyomtua mzigo. Nikalifunga kwa vitenge viwili, nikaliweka darini juu ya moto, mahali pa mahindi ya mbegu. Mbegu ndicho kitu anachokilinda mkulima kuliko vyote. Moshi unafukuza dumuzi, mdudu anayekula mahindi. Kila msimu wa kupulizia salfa mikorosho nilishusha mahindi na gitaa pamoja, nikalifuta kwa kitambaa kikavu, nikalipandisha tena. Rangi nyekundu iligeuka ya chai ya rangi. Lakini mdudu hakuligusa.

Dhambi moja nilifanya. Niliuza sabuni za mche, na mche unakatwa vipande kwa waya. Waya wangu ulikatika siku ya mnada. Nikapanda darini nikachomoa uzi mmoja, ule mwembamba kuliko wote, nikaufunga vijiti viwili vya mpingo kwenye ncha. Mama yangu, sijapata kuona kitu kinakata sabuni vile! Vipande sawasawa kama vya kiwandani. Nilisema nitaurudisha kesho. Kesho hiyo haijafika.

Sasa njoo mwaka juzi. Nimekaa barazani nabangua korosho, redio inazungumza na wanamuziki wa zamani. Nikaitambua sauti ile kabla hajatajwa. Amezeeka, anakohoa katikati ya maneno. Mtangazaji akamuuliza kitu gani kimemuuma zaidi maishani. Nikadhani atasema mke, au nyumbani kwao.

Akasema, "Gitaa langu la nyuzi kumi na mbili. Waliniibia Newala, msibani, nikimlilia ndugu yangu. Sikupiga tena gitaa la namna ile."

Nikaitupa korosho chini. Wizi! Msibani! Nchi nzima inasikia kwamba watu wa Newala wanamwibia mfiwa. Na mimi, mtunza mbegu, ndiye mwizi mwenyewe. Nikaona jambo moja wazi: yeye anakohoa, mimi napinda. Tukifa kabla hajalikomboa, jina litakuwa wizi milele, hapatakuwa na mtu wa kulisafisha. Lakini nikilipeleka tu mwenyewe, kichwa chini, nitakuwa nimekubali kwamba niliiba. Alitakiwa aje yeye. Aje na jogoo.

Nikamkimbilia jirani yangu mwenye simu, naye akapiga namba ya studio, ikashika. Sikuwa nimewahi kusema redioni. Nikapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba, mama," ikaja sauti yake.

"Gitaa lako ninalo mimi!"

Simu ikakatika.

Hapo hapo. Jirani yangu akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Mama Gitaa, umekiri mbele ya nchi nzima." Tukapiga tena, haishiki. Tukapiga tena na tena, simu inalia tu. Redioni mtangazaji anacheka, anasema wasikilizaji, mwizi amejitokeza mwenyewe, tena ana adabu, ameamkia.

Asubuhi mwenyekiti wa kijiji akaja, amevaa koti. Akivaa koti ujue kuna jambo. Akasema, "Mama, watu wananipigia kutoka Lulindi hadi Lupaso. Litoe tulipeleke kituoni kabla hawajaja kulichukua wao."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, wewe ukoo wa marehemu. Baba yako alikomboa baiskeli kwangu kwa jogoo mwekundu. Nikupeleke wewe kituoni kwa kusahau utani?"

Akavua koti. Akasema, "Basi nitaomba namba yake studio, nimpigie mimi, nimweleze."

Alizungumza naye siku hiyo kwa muda mrefu, amesimama nje kwenye mikorosho, mimi nimekatazwa kusogea. Aliporudi nikamuuliza amesemaje. "Amesema atakuja," akasema. Anakuja na nani, na polisi au na jogoo? Hakujua. Wiki tatu nililala na swali hilo. Nilifagia uwanja mpaka ardhi ikaanza kunionea huruma.

Gari lilikuja baada ya swala ya Ijumaa, jeupe, vioo vimefungwa. Nusu ya Chilangala ilikuwa imeshafika uwanjani kwangu, maana habari huku zinatembea kuliko gari. Mlango ukafunguka. Kilichotoka kwanza ni bawa. Kisha makelele, kisha jogoo mzima, mweusi, miguu imefungwa kamba, kisha ndipo akatoka mzee yule na fimbo yake, jasho linamtoka, shati limejaa manyoya. Alimpakata tangu Masasi. Vigelegele vilivyopigwa pale sitavisahau.

Akaja mpaka mbele yangu. Akasema, "Mama Gitaa, shikamoo. Mimi ni mtoto wa nyumba ile. Nimekuja kukomboa."

Tunalingana umri, au mimi namzidi kidogo. Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu. Umechelewa kidogo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, mimi nilifikiri Watani ni kijiji."

"Ni kijiji," nikamwambia. "Ndicho hiki umefika."

Nikampokea jogoo. Nikaingia ndani nikaleta gitaa kama lilivyoondoka kwake, mgongoni, kwa kitenge. Wanawake wa siku ile waliobaki ni watatu, na wote watatu walipiga kelele, "Mnyonyeshe!" Nikamkabidhi. Alilinusa. Akalipitishia kiganja lote, shingoni, tumboni, nyuma. Akasema halina hata tundu la mdudu, akalisema mara mbili, na watu wamesikia, sijiongezei. Akaanza kuhesabu nyuzi kwa kidole. Nikatazama chini.

"Kumi na moja," akasema.

Nikatoa mfukoni vile vijiti viwili vya mpingo na uzi katikati yake. "Wa kumi na mbili unakata sabuni."

Mzee akautazama ule uzi, akanitazama mimi, akainama, akamchukua jogoo kutoka mikononi mwangu, akamweka kwapani.

"Basi jogoo huyu ninamshika mimi," akasema, "mpaka uzi wangu ukombolewe."

Haa! Yule aliyekuja mara ya kwanza hajui Watani ni nini, sasa ni mtani kamili. Watu walianguka chini kwa kucheka. Mwenyekiti alishika ukuta.

Alipiga pale uwanjani kabla hajaondoka. Halikuwa na umeme, nyuzi zina kutu, sauti ilitoka ndogo kama ya mtu anayezungumza na mwenzake shambani. Safari hii nilicheza, na kidole changu kilichopanda.

Mwezi uliofuata alipiga redioni, nyuzi nyingine zote mpya, pengo moja ameliacha. Mtangazaji akamuuliza kwa nini. Akajibu, "Gitaa hili halikuibwa. Lilikuwa kwa watani zangu Chilangala, darini, pamoja na mbegu. Uzi mmoja uko kwa mama yake."

Kwa mama yake, alisema. Jirani yangu alitaka kupiga simu studio, nikamkataza, isije ikakatika tena.

Jogoo hajarudi. Mzee ameniletea salamu kwamba jogoo ananenepa, anawika vibaya, na uzi wake bado anausubiri. Nami nimemjibu asubiri. Nikimpa uzi leo, atakuja tena kufanya nini? Jana nimekata mche mzima, vipande kumi, na vyote viko sawa.