Njia za Uweso za Kuzunguka

Mimi ni mpishi, na nilivunjiwa sahani kumi na moja na mtu anayeitwa Uweso. Nalisema mwanzo kabisa ili nikifika mahali pa kumsifu usidhani namsifu kwa mapenzi.

Uweso ni Mdigo wa Chumbageni, mrefu, mwenye kofia isiyochafuka hata kwenye vumbi. Mimi ni Noa, Mshambaa wa Mlalo, basi tangu siku ya kwanza ulikuwa utani tu: yeye ananiita mla ndizi, mimi namwita mla papa. Sote tulikuwa kwa Bwana Meneja wa shamba moja la mkonge nje ya mji. Uweso alianza kwa kukata mkonge mpaka miiba ikamchosha, ndipo akapewa trekta la kuvuta tela la majani. Alivuta miaka saba bila kugusa hata mlingoti wa geti, na Tanga nzima ilikuwa na habari hiyo kwa sababu aliieneza mwenyewe.

Mwaka 1956 Bwana akanunua tela la kulala, nyumba nzima juu ya magurudumu, ina vitanda na mapazia. Akamwita Uweso. Alimwambia kuwa yeye na Memsabu wanataka kwenda Tsavo kutazama wanyama, kwa njia yenye mandhari nzuri, na Uweso ndiye ataipanga. Safari ikienda vizuri, atakuwa dereva wa nyumbani, na koti atapewa. Ikiharibika, anarudi kukata mkonge. Siku ileile mkewe, Asmahani, akapigiwa vigelegele na majirani kwa ajili ya koti ambalo halijashonwa.

Ikawa kila jioni Uweso yuko barazani na madereva wa malori, kapanga mbegu za ukwaju juu ya jamvi, kila mbegu ni kituo. Hakuwauliza habari za tembo wala za milima. Aliwauliza, "Pale Same mnadani, mtu anazunguka akatokea upande wa pili?"

"Ya nini yote hayo?" nikamwambia. "Pita Horohoro. Mombasa ile, Voi ile, umefika."

"Horohoro haina mandhari, Noa. Tena pale Likoni kwenye pantoni wenye matela huambiwa waingie kinyumenyume. Hiyo si heshima kwa Memsabu."

Heshima ya Memsabu iliingiaje hapo sikuelewa, lakini mimi nilikuwa mtu wa sufuria, nikarudi jikoni kwangu.

Tukaondoka, Bwana na Memsabu mbele na Uweso ndani ya Landrova, mimi kiti cha nyuma na sanduku la sahani za maua, kumi na mbili, mapajani kama mtoto. Hatujafika Muheza, Uweso kakata kona, katuingiza kwenye kiwanda cha mkonge. Tukauzunguka ua wote, tukatoka geti la pili. Bwana, ambaye kazi yake ni mkonge kuanzia Januari mpaka Desemba, akauliza kuna nini cha kutazama. "Usafi wake, Bwana," akasema Uweso. Mombo tukazunguka kanisa. Same tukazunguka mnada wa ng'ombe mara mbili, na Memsabu akapungiwa mkono na Wapare. Kila mzunguko una mashimo yake, na kila shimo lina sahani yake. Tulipofika Taveta nilikuwa na sahani moja na hasira ya kutosha watu sita.

Tsavo tukaingia asubuhi. Uweso alikuwa kaulizia njia inayokwenda duara mpaka mtoni na kurudi getini, nasi tukaifuata vizuri, miiba huku na huku, mpaka kwenye kona moja tukamkuta tembo dume kasimama katikati ya njia. Hakuwa na haraka. Alitutazama, akatikisa masikio, akaja hatua mbili.

"Rudi nyuma," akasema Bwana, taratibu.

Uweso akatia gia. Landrova ikaenda huku, tela likaenda kule, likajikunja, likaingia kwenye miiba mpaka pazia likachanika. Akasogea mbele, akajaribu tena, likajikunja upande wa pili. Tembo akaja hatua nyingine.

Uweso akageuza shingo kunitazama. Kofia ilikuwa imelowa jasho. "Noa," akaninong'oneza, "mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Kurudi nyuma na tela. Sijapata kujua. Shambani tuliingia geti hili, tukatoka lile."

Hapo nikauona mnada wa Same, na kanisa, na kile kiwanda, na sahani zangu kumi na moja. Sijapata kukasirika namna ile, hata Burma, nilikokuwa navuta mizinga kwa lori miaka miwili. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Niliporudi vitani nilisema najua kupika tu, kwa sababu jikoni hakuna anayekupiga risasi.

"Toka hapo," nikamwambia. Nikapita juu ya kiti, nikashika usukani. Ukitaka tela liende kulia, huzungushi usukani kulia. Unazungusha kushoto, kidogo kidogo, kisha unalifuata. Nikalirudisha kona nzima, kinyumenyume, mpaka kwenye kiwanja cha wazi. Tembo akapita zake.

Bwana akashusha pumzi. "Noa, kumbe wewe ni dereva. Basi kuanzia leo gari ni lako. Uweso atarudi kwenye mkonge."

Uweso alivua kofia, akawa anaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nilijua anamfikiria Asmahani na vile vigelegele. Mimi nilikuwa nazifikiria sahani, nasema kweli, na nilikuwa na haki ya kumwacha akione.

"Haiwezekani, Bwana," nikasema. "Vitani kulikuwa na wa kwenda mbele na wa kurudi nyuma. Mimi nilifundishwa kurudi nyuma tu."

Bwana alinikazia macho. Memsabu akageukia dirishani, mabega yakimtikisika.

"Na kwenda mbele?"

"Kwenda mbele sijui kabisa, Bwana," nikasema, nikashuka, nikamfungulia Uweso mlango.