Mpiga Picha wa Misaada

Mpiga picha wa kampuni huinama kwanza ndipo aseme, kama anayeiombea kamera yake radhi. Hufuta kioo kwa ncha ya shati, kisha hubembeleza: "Tabasamu kidogo, wazazi wangu, msaada si msiba." Siku ya kugawa magodoro wodini, meneja alimkabidhi la kwanza bibi mmoja aliyekuwa akilalia vyuma vitupu. Picha ikapigwa, kumbe jina la kampuni lililochapwa kwenye godoro limetokea kichwa chini miguu juu.

"Lirudishe, bibi, tukupe upya," meneja akasema.

Bibi akalikumbatia. "Nimeshapewa, nimeshashukuru. Turudie nini tena, mwanangu?"

Meneja akavuta huku meno yote nje. Bibi naye akang'ang'ania. Kidole cha mpiga picha kikabonyeza chenyewe. Akafuta kioo, akainama, akamwonyesha meneja picha. "Hii imetoka safi, bosi. Sijui tu kama watu watajua nani anampa mwenzake."

Meneja akaliachia godoro kama limeshika moto. Bibi akalitandika, akajinyoosha juu ya jina la kampuni, akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Haya, mjukuu wangu," akasema, "sasa nipige, natabasamu."