Chumvi ya Kufika Mavuno

Juzi nilikuwa Ifakara, nyumbani kwa mdogo wangu pale Mlabani, nikakuta chumba cha watoto kimegeuka duka. Binti yake amechaguliwa kwenda chuo kikuu, anaondoka wiki ijayo, na kila alicho nacho kimetandazwa kitandani: viatu, birika la umeme, pasi, mashuka ambayo hayajatolewa kwenye mifuko yake, na mafuta ya nywele ya kutosha kijiji kizima. Sanduku lenyewe lina magurudumu na linakwenda upande wowote unaotaka. Ameshasoma kwenye simu ushauri chungu nzima wa vitu vya kubeba, na kila mshauri anasema lake. Akanigeukia mimi. "Shangazi, wewe ulibeba nini?"

Nilicheka. Nikamwambia nilibeba chumvi. Akadhani namtania, akarudi kwenye viatu vyake.

Sikuwa namtania. Na kwa kuwa yeye alikuwa na haraka, acha nikueleze wewe, rafiki yangu, maana tangu siku ile chumvi hiyo haijanitoka mawazoni.

Sisi watu wa bondeni tulikuwa na nyumba mbili. Moja ilikuwa mjini, ya matofali na bati, yenye jirani na kanisa na shule. Ya pili ilikuwa shamba, ng'ambo ya mto, kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji ya masika yapite chini yake. Mvua za kupandia zikikaribia, bibi yangu, mama yake mama, alianza kufungasha. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Sufuria ndogo iliingia ndani ya kubwa, ndani ya ndogo akaweka vitunguu, na katikati ya vitunguu akasokomeza kiberiti kilichozungushiwa nailoni. Chandarua kilifungwa pamoja na blanketi. Visu vilivikwa kitambaa. Mwisho kabisa ilikuja chumvi, na hapo bibi alikaa chini kabisa, akanyoosha miguu, akaanza kuipima kwa kiganja.

Aliipima kwa msimu. Alijua nyumba yetu inakula chumvi kiasi gani toka kupanda mpaka kuvuna, akaweka kiasi hicho, na ziada akairudisha kabatini. Kijiko cha chumvi kikianza kugonga chini ya kopo, ilikuwa ishara kwamba mpunga umeshaiva na watu wajiandae kurudi mjini. Mama aliwahi kumwambia kuwa siku hizi kila mtu ana kalenda. Bibi akasema kalenda hailiwi.

Ee, maisha yale ya shamba! Asubuhi umande ulikuwa mzito kiasi kwamba ukienda kujisaidia tu unarudi umelowa mpaka kiunoni. Mpunga ulipoanza kutoa masuke ndege walikuja makundi kwa makundi, na sisi watoto tukapanda juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, kuwaamia. Tulipiga madebe, tukarusha udongo kwa makombeo, tukaimba matusi ambayo nyumbani yangetuletea fimbo, lakini kule yaliruhusiwa kwa sababu yalikuwa ya ndege. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa akiita majina, na kila jina lisiloitikiwa darasa zima lilijibu, "Anaamia!" Alichoka kukasirika. Mwisho alikuwa anaweka alama yake na kuendelea.

Jioni vyura walianza kelele, bibi akawasha moto, na moshi ukafukuza mbu na sisi pamoja nao. Tulikula wali na perege waliotoka mtoni mchana uleule. Na wiki ile mpunga unapokaribia kukomaa, punje zikiwa bado na ukijani kidogo, ndipo tulipokatiwa masuke ya kwanza kwa ajili ya pepeta. Bibi alikaanga mpunga chunguni, akaumwaga kinuni ungali moto, mama akatwanga. Kama hujawahi kula pepeta iliyotoka kinuni sasa hivi, bado laini, ina harufu ya majani na moshi, sina maneno ya kukusaidia. Ile wanayouza stendi kwenye vifuko nainunua kila nikipita, na kila mara nakula nusu.

Basi mwaka nilipochaguliwa chuo, mama alifurahi mpaka akatoka nje bila ndala. Bibi aliuliza swali moja tu, chuo kiko upande gani. Nikamwambia Dar es Salaam. Akaenda kutoa sufuria zake.

Nilikuwa na mipango yangu. Nilitaka begi jipya, nguo za kuendea mjini na nywele za kusuka. Bibi hakuisikiliza. Alinifungashia kama mtu anayevuka mto. Sufuria ndogo ndani ya kubwa, vitunguu ndani, kiberiti katikati ya vitunguu. Chandarua na blanketi. Kisu kikavikwa kitambaa. Akaongeza mchele wa shambani kwetu na kambale wa kukaushwa waliofungwa kwenye magazeti, ambao harufu yao ilinitangulia kila nilipokwenda. Nilimwambia kuwa chuo kuna bwalo la chakula, kuna umeme, na kiberiti hakihitajiki.

"Umeme unakatika?" akauliza.

"Unakatika, bibi."

"Basi."

Kisha akakaa chini, akanyoosha miguu, akavuta kopo la chumvi.

"Huko mnavuna lini?"

"Bibi, chuoni hakuna kuvuna. Kuna mitihani."

"Haya. Hiyo mitihani mnaimaliza lini?"

"Mwezi wa saba."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. "Mwezi wa saba mpunga wa watu umeshaanza kuingia ndani. Utawahi?"

"Nitawahi, bibi."

Akapima kwa kiganja, akafunga kifuko. Kilikuwa kidogo. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishindwa kujizuia. "Mama, mtoto anakwenda mbali. Mwongeze basi, akiba haiozi."

"Mwenye chumvi nyingi hana haraka ya kurudi," bibi akajibu, wala hakuinua uso.

"Chumvi inauzwa kila duka!"

"Akanunue. Ya kwangu inaishia kwenye mavuno."

Mama akageuka akaenda zake jikoni, na nilijua kwa nini. Bibi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mjomba wangu, ambaye mimi namjua kwa picha tu. Alipandia treni Mlimba akiwa kijana, akaenda kutafuta maisha. Siku ile bibi alimpakia kila kitu: godoro, baiskeli, redio, sanduku la bati lililojaa mpaka likakaliwa juu ndipo likafungika. Zilikuja salamu, zikapungua, zikaisha. Mkataa kwao ni mtumwa, watu walisema, wakimsema mjomba. Bibi hakuwahi kumsema. Alijilaumu mwenyewe. "Nilimpa vyote," aliniambia huku akikaza kamba ya mzigo wangu. "Akakosa cha kufuata nyumbani. Wewe sikupi vyote."

Nilifika chuoni na mzigo wangu unaonuka samaki. Wasichana niliopangwa nao chumba kimoja walifungua madirisha, wakacheka, na Jumamosi ya kwanza, pesa ya chakula ya kila mtu ilipokuwa bado haijatoka, wakala kambale wale wote na kulamba vidole. Umeme ulikatika kweli. Kiberiti changu kilizunguka ghorofa nzima. Nilipopika mchele wa kwetu kwenye jiko la kuazima, harufu ilitambaa kwenye korido mpaka wapita njia wakabisha hodi kuuliza kunapikwa nini. Nilijisikia tajiri, na hapohapo nikawa na hamu ya kwetu kiasi kwamba niligeukia ukutani nikalia kidogo, mwiko mkononi.

Chumvi niliitumia kwa mkono mwembamba. Hata hivyo iliisha, na iliisha wakati uleule alioupanga bibi. Mvua za Dar zilikuwa zimekwisha. Niligonga kifuko juu ya sufuria, zikatoka punje za mwisho, nikajua kuwa kwetu sasa masuke yameinama, madungu yanabomolewa, watu wananoa visu. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kuondoka. Lakini ratiba ya mitihani ilikuwa imebandikwa ukutani, na karatasi yangu ya mwisho ilikuwa imesogezwa mbele hadi mwisho wa Julai. Nilishuka dukani nikanunua chumvi. Sijawahi kununua kitu kwa uchungu namna ile, na muuzaji hakuelewa kwa nini namkodolea macho.

Nilipofika nyumbani mavuno yalikuwa yamekwisha. Watu wote walikuwa wamesharudi mjini, isipokuwa bibi. Nilivuka mto kumfuata. Nilimkuta amekaa mbele ya kibanda, bondeni kote mabua yamelala, mashamba yako wazi mpaka vilimani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba, akanikagua kama nimekonda, kisha akanionyesha kwa kidevu upande wa mtoni.

Kule ukingoni kulikuwa na kipande cha mpunga kimesimama peke yake. Sisi tunakiita ngwe, sehemu anayokatiwa mtu mmoja avune mwenyewe. Alikuwa amenibakizia yangu. Mpunga ulikuwa umekauka kupita kiasi, punje nyingi zimepukutika, zilizosalia ndege walikuwa wanazimalizia bila mtu wa kuwaamia.

"Hiyo yako," alisema. "Umechelewa kidogo tu."

Tulivuna pamoja, mimi na yeye, na tulichokipata hakikujaa ungo. Alikitwanga, akakipika chote jioni ileile, akanikalia mbele mpaka nilipomaliza.

Miaka iliyofuata sikuwahi mavuno tena. Mwaka wa pili tulipelekwa mafunzo kwa vitendo, wa tatu vivyo hivyo, baada ya hapo nikapata kazi Dodoma, na kazi haina habari na mpunga. Nilikwenda nyumbani Krismasi, mpunga ukiwa haujafika hata magotini, tukala, tukacheka, na kila nilipoondoka bibi alinipimia chumvi yake ileile. Sikuwahi kumuuliza habari za ngwe. Nilidhani mambo hayo yaliishia mwaka ule.

Alipofariki, msibani alikuja jirani yetu wa shamba, mzee wa Kisukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake nilipokuwa mdogo. Siku za mwanzo bibi aligombana naye kwa ajili ya ng'ombe kuingia kwenye mpunga, kisha wakaja kuwa watu wa kuombana moto. Alimwita Mayu, yaani mama kwa lugha yao. Alinipa mkono wa pole, akasema, "Wewe ndiye yule wa chuo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mayu alikuwa anabakiza kipande kila mwaka. Kule mtoni. Mimi nikamwambia, mayu, umechoka, nilete vijana wangu wamalizie? Akakataa katakata. Anasema hicho kina mwenyewe, anakuja."

Majirani wengine, alisema, walidhani ni uzee, nguvu zimemwishia kabla ya shamba kuisha.

Sasa hakuna tena anayehamia shamba. Kuna daraja, mtu anakwenda kwa pikipiki asubuhi na jioni yuko kwake anatazama televisheni. Madungu sijayaona miaka mingi. Watoto wa shule wanaitika majina yao, na hilo ni jema, sitaki uniambie kwamba nalilia ujinga. Mto umesogea kidogo. Vibanda vimeoza, na sidhani kama nikipelekwa leo nitaweza kukuonyesha cha kwetu kilisimama wapi. Ninachokililia hasa ni kwamba palikuwa na mtu duniani ambaye hesabu zake zote, za chumvi, za mchele, za mvua, ziliishia kwenye siku ya mimi kurudi. Ukiwa naye mtu huyo unamwona wa kawaida tu.

Mdogo wangu ndiye anayelima shamba la bibi siku hizi, na analilima vizuri kuliko sisi wote. Jioni ile ya juzi alinionyesha kwenye simu jinsi walivyovuna mwaka huu. Amekodi kombaini. Imeingia asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana shamba lote limekwisha, mpunga uko kwenye magunia. Nilimpongeza kwa moyo mweupe. Nikaangalia video hadi mwisho, mpaka pale mashine inapogeuka ukingoni mwa mto na kukata mistari ya mwisho.

Binti yake alikuwa ameshafunga sanduku. Kila kitu kilikuwa kimeingia, kitanda kiko kitupu, na mwenyewe alikuwa ameridhika. Nilimuuliza atarudi lini.

"Krismasi, shangazi, Mungu akipenda."

"Na mavuno?"

Akanitazama kwa huruma, kama watoto wanavyotutazama tukianza mambo ya zamani. "Mavuno nije kufanya nini, shangazi? Si kombaini inakata yote?"

Nikamwambia ni kweli, inakata yote.