Nukta Mbili za Nungwi

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Thuwaiba alichora ramani kwa wino katika ofisi ya serikali mjini Unguja, na nyingi ziliishia kabatini. Hakuna aliyepata kumwambia kuwa kakosea, naye akilihesabu hilo kuwa sifa.

Alipostaafu, mpwa wake Hisham alimwita kwenye tovuti yake ya habari, chumba kimoja tu mtaa wa Malindi, mjini humo humo. Mwaka 2006, kipindupindu kilipozuka, Hisham alitaka ramani ya visima: msomaji abonyeze nukta, habari za kisima zifunguke. Kijani, maji salama; nyekundu, usiyaguse. Bi Thuwaiba alikusanya majibu ya vipimo, akazitia nukta moja moja.

"Nani ataiona?" aliuliza. "Nungwi kuna kompyuta ngapi?"

"Tungoje, mama mdogo."

Siku ya tatu simu ililia. Alikuwa mwanamke wa Nungwi, jina lake Mize.

"Mwanangu yuko Maskati. Kanipigia, ananambia kaona kwenye ramani yenu kisima chetu kibovu. Mbona bwana afya alikipima, akasema kizima? Kibovu ni cha skuli."

Bi Thuwaiba akafunua daftari lake. Nukta mbili alikuwa amezibadilishana rangi: kisima cha kina Mize nyekundu, na kile cha skuli kijani.

"Umesema kweli, Bi Mize. Kosa langu. Tafadhali waambie wasiteke pale."

"Nshawaambia."

Hisham alisahihisha papo hapo. Bi Thuwaiba hakuweza kukaa. Alipanda gari kwenda Nungwi, akapita nyumba zote za karibu na skuli akiuliza nani kaumwa. Hakuna, alhamdulillahi. Mize alimpa maji ya kisima chake, akayanywa yote.

"Ramani yako nzuri," Mize alisema. "Ila kuna visima viwili hukuvitia. Njoo nkuonyeshe."

Aliporudi aliandika kosa lake chini ya ramani, pamoja na jina lake. Hisham akauliza kama jina lina haja.

"Lina haja. Watu wajue wampigie nani."

Wakapiga kweli, kutoka Makunduchi, Mkokotoni, hata Maskati, huyu akisahihisha, yule akiongeza. Kila simu ilimpa kazi ya kuhakikisha, na kila asubuhi Bi Thuwaiba alifika ofisini kabla ya Hisham.