Aliyepanda Punje Tupu

Habari za kifo chake zilinikuta Sigor, ninakofundisha, kwenye foleni ya posho mill, debe la mahindi likiwa miguuni. Aliyenipigia simu ni binti yake, na kabla sijapata neno la kumpa pole akaniambia, "Mwalimu, Baba alisema usikuje matanga na uso ya kununa." Nilicheka palepale huku machozi yakinitoka, na mwenye mashine akaniuliza kama nimepata habari njema. Marehemu alikuwa jirani yangu nyumbani, karibu na Kabianga. Alitoka Kisii akiwa kijana, akafanya kazi miaka mingi kwenye vitalu vya chai, na alipostaafu akaendelea na kazi ileile uani kwake: kujaza udongo kwenye vifuko vya nailoni, kuchomeka vipandikizi vya chai, na kuvisemesha kutwa nzima. Alikuwa mbishi, mwenye kelele, na nilimpenda sana.

Msomaji wangu, acha nikusimulie habari ya mahindi ya Kogo. Kogo ndivyo tunavyowaita nyanya huku kwetu, na huyu ni mjane anayeishi ng'ambo ya kijito. Alikuwa na mbegu ya mahindi yenye michirizi myekundu, aliyopewa na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Sisi wengine tulishahamia mbegu za dukani, kwa hiyo alibaki nayo peke yake. Kila mavuno alichagua mahindi yaliyo bora, akayafunga kwa maganda yake na kuyatundika juu ya moto wa kuni, mpaka yakawa meusi kwa moshi. Kisha watoto wake, kwa mapenzi tu, wakamjengea jiko jipya lenye meko ya gesi. Naye akayahamisha mahindi yake, akayatundika juu ya ile gesi kama alivyozoea. Alipoyashusha wakati wa kupanda, unga ulimmwagikia mikononi. Gesi haina moshi wa kuwafukuza wadudu, na fukusi walikuwa wameyatoboa yote.

Alikuja kwangu kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Nikazitazama zile punje zenye matundu, nikakohoa kitaalamu, nikasema, "Kogo, hizi pea kuku tu." Alizifunga tena kwenye leso polepole, na naona haya hadi leo. Jirani yangu, aliyekuwa akisikiliza kwenye ua, akaingia bila kukaribishwa. "Mwalimu, wacha haraka," akasema, akatoa kisu mfukoni na kupasua punje moja. Ile sehemu nyeupe ndani ya mbegu vitabu vinaiita endospamu. Mimi niliwahi kuichora kwenye mtihani nikapata alama zote. Yeye aliigusa kwa ncha ya kisu. "Mama, ona. Hii nyeupe ndio chakula mahindi inafungia mtoto yake. Wadudu wamekula. Lakini mtoto mwenyewe si huyu hapa? Bado iko mzima." Kogo akainama, akatazama sana. "Sasa nani atalisha yeye?" akauliza. Akajibiwa, "Si mimi?"

Wakakaa chini wawili hao, wakachambua punje ambazo kiini chake hakijaguswa. Mche wa mahindi huanza maisha kwa kula ile akiba nyeupe mpaka upate mizizi na majani ya kujitegemea, na punje hizi hazikuwa na akiba ya maana. Basi jirani yangu akazipanda kwenye vifuko vyake vya miche ya chai, juujuu kwenye udongo mweusi wa msituni, akazikinga jua kwa magunia na kuzinywesha maji kwa kikombe. Kijiji kizima kilicheka mahindi ya kitalu, na mimi nilicheka kuliko wote. Miche ilichipua myembamba, ya kutia huruma. Mingi ilikufa. Iliyobaki haikujaza hata beseni, lakini siku ya kuihamishia shambani kwake Kogo alitangulia mbele akisafisha njia, utadhani wanapeleka bibi harusi. Msimu ule alikuja langoni kwetu na hindi lenye michirizi myekundu, akapiga vigelegele hadi ng'ombe wakasimama kula.

Tangu siku zile siwezi kusonga ugali bila kufikiri kwamba tunakula chakula kilichofungiwa mtu mwingine. Ile punje haijiwekei chochote. Na huyu bwana alikuwa hivyohivyo: chai nyingi ya kilima hiki ilipitia mikononi mwake, na wanaoichuma hata hawamjui. Gesi siilaumu, kwangu tunaipikia. Ila nimejifunza kwamba ukiondoa kitu cha zamani jikoni, uliza kwanza kilikuwa kikifanya kazi gani nyingine.

Nilikwenda kumzika bila kununa, kama alivyotaka. Tulikula mahindi ya kuchemsha yenye michirizi myekundu, tukasimulia ubishi wake, tukacheka mpaka pasta naye akacheka. Kogo, ambaye siku hizi amerudisha moto wa kuni kando ya ile gesi, alinijia mbele ya watu wote akiwa na hindi moja jeusi kwa moshi. "Wewe si ulisema kuku wapewe?" akaniambia, akaliweka mikononi mwangu. "Sasa yule amelala. Wewe ndio utachunga." Nimelitundika juu ya moto wa kuni niliouwasha kando ya gesi yetu. Mke wangu analalamikia moshi, macho yananiwasha ninapoandika haya, na vifuko vya nailoni nimeshavijaza udongo.